Diski adimu za sauti safi: intaneti inakuuzia, nani atakusikilizisha?

Ukitoka Soko Kuu la Mtwara ukaingia kwenye maduka ya vifaa vya umeme, utakuta sabufa zimepangwa hadi nje, zote zinaimba kwa wakati mmoja, kila moja ikigombana na ya jirani. Utakuta flashi za kila ukubwa, ving'amuzi vya kila kampuni, na meza ya kijana mwenye kompyuta anayerusha nyimbo kwenye simu za watu. Diski hutazikuta. CD za wasanii wetu, zile zilizoanza kubandikwa stempu za TRA mwaka 2013, nazo zimekuwa za kuulizia. Sasa mchukue mtu anayetafuta kitu cha ndani zaidi: SACD (Super Audio CD) ya piano iliyorekodiwa kwenye ukumbi wa Ulaya, au CD ya Japani iliyotengenezwa kwa uangalifu kuliko CD za kawaida, au toleo fulani la albamu fulani ambalo watu wenye masikio makini wanalisifia. Aende wapi?

Kila atakayemuuliza atamwambia aagize mtandaoni. Kwa sehemu kubwa nakubaliana na jibu hilo. Nisichokubali ni imani iliyojificha nyuma yake, kwamba intaneti imeshalimaliza duka na mtu wa sauti hana tena sababu ya kulililia. Duka la muziki lilikuwa na kazi mbili. Lilikuuzia diski, na kabla hujatoa hela lilikusikilizisha. Kazi ya kwanza intaneti imeichukua na inaifanya vizuri kuliko duka lolote lililowahi kuwepo duniani. Ya pili imeachwa haina mwenyewe, na kwa diski za aina hii ndiyo inayoamua kama hela yako imepata thamani yake.

Kwa wasiozifahamu diski hizi, nieleze kidogo. CD ilianza kuuzwa Japani mwaka 1982, sauti yake ikipimwa mara 44,100 kwa sekunde kwa biti 16. Mwaka 1999 Sony na Philips, walewale walioileta CD, wakaleta SACD. Hii hutumia biti moja tu, lakini hupima mara 2,822,400 kwa sekunde, yaani mara 64 ya kasi ya CD. SACD nyingi zina tabaka mbili ndani ya diski moja: moja lenye CD ya kawaida, ambalo deki yoyote hulisoma, na jingine lenye sauti ya SACD yenyewe, linalohitaji deki maalumu. Halafu zipo XRCD za kampuni ya JVC. Kwa vipimo hizo ni CD kama CD nyingine. Tofauti iko katika namna sauti ilivyohamishwa kutoka kanda mama, ile ya asili ya studio, hadi kiwandani, hatua kwa hatua, bila haraka. Wanaotengeneza diski za namna hii ni lebo ndogo au za wastani: BIS ya Sweden, Linn ya Scotland, 2L ya Norway, Chesky ya New York, Mobile Fidelity ya Marekani. Baadhi yao hutoa nakala chache, na zikiisha huenda wasirudie. Diski moja mpya inaweza kufika dola 30 hadi 40.

Bidhaa kama hiyo haikai rafuni bila kumuumiza mwenye rafu. Tower Records ilifunga maduka yake yote ya Marekani mwaka 2006. HMV ya Uingereza imewekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi mara mbili, mwaka 2013 na tena mwishoni mwa 2018. Huko ni miji yenye mamilioni ya watu wanaolipwa mshahara kila mwezi. Mfanyabiashara wa Mtwara hela yake inakwenda na korosho: minada ikianza Oktoba na wakulima wakilipwa, sabufa zinatoka, minada ikipita, biashara inalala. Kumtaka afungie mtaji wake kwenye diski ya kwaya ya Norway, akisubiri mteja ambaye huenda akaja au asije, ni kumuonea. Simlaumu, na sidhani duka la diski litafunguliwa Mtwara wala Lindi, leo wala miaka kumi ijayo.

Kwa hiyo ununuzi ni wa mtandaoni, na hapo intaneti inastahili sifa zake zote. Discogs, iliyoanzishwa mwaka 2000, ni daftari kubwa la matoleo ya muziki linalojazwa na wapenzi wenyewe, na ndani yake kila toleo la albamu lina ukurasa wake. Albamu moja maarufu inaweza kuwa na matoleo mengi mno: ya Japani, ya Ujerumani, ya Marekani, ya mwaka huu na ya miaka thelathini iliyopita. Unayatofautisha kwa namba ya katalogi iliyo kwenye ubavu wa kasha, na kwa maandishi madogo yaliyochorwa kuzunguka tundu la diski upande wa chini. Hakuna muuza duka, hata angekuwa na kumbukumbu ya namna gani, ambaye angeyahifadhi hayo yote kichwani. Mtu aliyekaa Shangani na simu yake anaweza kujua leo usiku kwamba nakala anayoitaka ipo Osaka, ipo Leeds, na hakuna kwingine.

Malipo siku hizi si kikwazo. Kadi pepe ya kwenye simu inatosha. Kinachouma ni usafirishaji, ambao mara nyingi unaikaribia au kuipita bei ya diski yenyewe, halafu ushuru, na VAT ya asilimia 18 juu yake. Mzigo ukifika Dar es Salaam bado una kilomita zaidi ya 500 za barabara. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara maeneo ya Somanga, mikoa ya kusini ilitengwa na kila kilichokuwa njiani kilisubiri. Ndiyo maana wanaojua huagiza kwa pamoja, diski nne au tano ndani ya bahasha moja, na kugawana gharama.

Tatizo linaanza pale unapotakiwa kuchagua. Kurasa za wauzaji zimejaa maneno mazito kuhusu sauti: joto, upana, uhai, kina. Mnunuzi aliyeko mbali ananunua maneno hayo pamoja na nembo iliyochapwa kwenye kasha. Nembo hiyo inasema nini hasa? Mwaka 2007, E. Brad Meyer na David Moran walichapisha utafiti katika jarida la Audio Engineering Society. Waliwasikilizisha watu muziki wa SACD na wa DVD-Audio, aina nyingine ya diski ya sauti ya kiwango cha juu, mara ukija moja kwa moja, mara ukipitishwa kwanza kwenye kifaa kinachoushusha hadi kiwango cha CD, na msikilizaji aseme ipi ni ipi. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276. Ni sawa na kurusha shilingi juu.

Utafiti huo ulibishaniwa sana, na wako wanaoukataa hadi leo. Ila ndani yake kuna jambo ambalo wabishi wa pande zote mbili hulipita haraka. Watafiti hao hao waliandika kwamba diski nyingi za SACD kweli zilikuwa na sauti nzuri kuliko CD za kawaida. Sababu waliyoitoa haikuwa tabaka la SACD. Ni kwamba mafundi wanaoandaa diski kwa ajili ya watu wachache wenye masikio makini huachwa wafanye kazi yao: hawaamrishwi kupandisha sauti hadi ikaribie kupasuka ili wimbo usikike kwa nguvu ndani ya gari. Ubora uko kwenye mkono wa aliyeandaa. Mkono huo hauna nembo. Unaweza kuupata kwenye CD ya bei ndogo ya mwaka 1986, na unaweza kuukosa kwenye SACD ya dola 40.

Hapo ndipo sikio linapohitajika, na sikio halitumwi kwa posta.

Tukio la mwaka 2022 linaonyesha hatari ya kununua maneno. Mobile Fidelity, lebo yenye heshima kubwa kuliko karibu zote katika soko hili, ilikuwa ikiuza santuri ambazo wanunuzi waliamini zimetoka kwenye kanda mama bila kupita hatua yoyote ya kidijiti. Julai mwaka huo, Mike Esposito, mwenye duka la santuri mjini Phoenix, Arizona, akasema hadharani kwamba alichoambiwa na watu wa ndani ni tofauti. Kampuni ikamwalika California azungumze na mafundi wake, na wakakiri: tangu mwaka 2011 hatua ya kidijiti ilikuwa ikitumika kwenye baadhi ya matoleo, na kadiri miaka ilivyokwenda ikawa ndiyo kawaida. Kesi ikafunguliwa, ikaishia kwenye makubaliano ya dola milioni 25. Watu waliokuwa wakiapa kwamba husikia dijiti hata ikipita chumba cha pili walikuwa wameyasifu matoleo hayo hayo kwa miaka.

Ni kweli Esposito alitumia video ya mtandaoni kulisema, na bila mtandao lisingesambaa. Ila angalia nani aliuliza. Majukwaa ya wapenzi wa sauti yalikuwa na maelfu ya watu wakijadili kila mchubuko wa kasha, na bado swali lilisimama wazi wazi pale tu mwenye duka alipolishika. Mtu wa duka anakutana na mteja uso kwa uso. Akimuuzia uongo leo, kesho mteja yuko kaunta na diski mkononi. Muuzaji wa mtandaoni aliyeko Osaka hana sababu ya kukukwepa barabarani.

Nasi Mtwara tunaye mtu wa kaunta, ingawa hatumhesabu. Ni fundi redio. Mafundi hawa huuza pia deki na amplifaya za mtumba zinazoingia kutoka Uingereza, Japani na Uarabuni, na mara nyingine ndani ya mzigo kunakuja boksi la CD zilizokuwa za mtu fulani huko. Nimekaa sana kwenye kibanda cha fundi mmoja wa Magomeni, na naeleza nilichokiona kwake kwa sababu hakuna ukurasa wa muuzaji uliowahi kunifundisha hivyo.

Kijana alikuja na CD ya muziki wa piano aliyoiokota kwenye boksi la namna hiyo kwa fundi mwingine, akiulizia kama inafaa kununuliwa. Fundi hakugusa kasha. Aliitoa diski kwa ncha za vidole, akaishika pembeni, akaiinamisha chini ya taa. Upande wa juu haukuwa na mchubuko hata mmoja. Kwa picha ya mtandaoni, diski hiyo ingepewa alama ya juu kabisa. Yeye akaigeuza polepole mpaka mwanga ukalala ukingoni, na hapo ikaonekana rangi ya shaba, nyembamba, imezunguka diski nzima kama kutu inavyoanzia kwenye ukingo wa bati.

"Njomba, hii usiitolee hela kwanza," alimwambia. Akaiweka kwenye deki, na badala ya kuanzia wimbo wa kwanza akaruka hadi wa mwisho. Piano ikaja, na nyuma yake mlio wa kukwaruza, laini, unaozidi jinsi wimbo unavyokwenda. Akaurudisha wimbo wa kwanza: safi kabisa.

Sababu yake inajulikana. CD husomwa kuanzia ndani kwenda nje, kwa hiyo wimbo wa mwisho ndio unaokaa ukingoni, na uharibifu ukianzia ukingoni utausikia huko kwanza. Anayejaribu diski kwa wimbo wa kwanza hajajaribu kitu. Na ile rangi ya shaba ina historia: kati ya miaka ya 1988 na 1993, kiwanda cha PDO cha Blackburn, Uingereza, kilitengeneza CD zenye tabaka la fedha badala ya aluminiamu, rangi ya kuzikinga ikawa dhaifu, na salfa iliyokuwamo kwenye karatasi za makasha na vijitabu ikaila fedha taratibu. Tuliokulia mikoa ya korosho salfa tunaijua kwa kuipuliza mikorosho dhidi ya ubwiri unga. Wenzetu wa Blackburn waliifungia ndani ya kasha bila kujua. Diski nyingi za muziki wa kale kutoka lebo za heshima zilipita kiwanda hicho, na bado zinauzwa mtandaoni zikiitwa kama mpya. Karibu na tundu la diski ya yule kijana kulikuwa na maandishi madogo: MADE IN U.K. BY PDO. Alizoea kuyapita bila kuyasoma.

Fundi huyo huyo ana jambo lingine ambalo mtandao hauwezi kumpa mkazi wa Mtwara kwa bei ile. Kwenye rundo la deki za Blu-ray za mtumba, baadhi ya zile za Sony za miaka ya kuanzia 2010 husoma SACD. Nembo imechapwa kwa maandishi madogo mbele, na wauzaji wengi hawajui maana yake, kwa hiyo bei haipandi. Mtu akiagiza deki maalumu kutoka nje atalipa mara nyingi zaidi, bado usafiri. Hapa ataiinua kwa mikono yake, ataichomeka, atasikia kama lenzi inahangaika kusoma. Ninamshauri yeyote anayetaka kuanza aanzie kwenye rundo hilo kabla ya kufungua ukurasa wowote wa muuzaji.

Na asimpelekee SACD yake kijana wa kurusha nyimbo akidhani amehifadhi sauti ile. Kompyuta ya kawaida haisomi tabaka la SACD kabisa. Itachukua lile la CD tu. Kisha kama ilivyo desturi mezani pale, itaibana kuwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, wakati CD hubeba 1,411. Kijana hana kosa, wateja wake wanataka nyimbo nyingi kwenye flashi ndogo.

Liko jambo moja linaloniuma katika habari hii yote. Ukianza kutafuta mtandaoni muziki wa dansi na taarabu ya Tanzania kwenye diski iliyotengenezwa vizuri, utaelekezwa Ulaya na Marekani. Buda Musique ya Paris ilianza mwaka 2005 kutoa mfululizo wa Zanzibara, ikikusanya muziki wa pwani yetu na wa bendi zetu za zamani. GlobeStyle ya London ilikwenda Zanzibar kurekodi taarabu miaka ya 1980. Nyimbo za Mlimani Park zilitolewa kwenye CD miaka ya 1990 na Africassette, kampuni ya Detroit. Ninawashukuru kwa dhati, kwa sababu bila wao tusingekuwa na diski hizo. Lakini kanda zenyewe, zilizorekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga kwa pamoja mbele ya maikrofoni chache, ziko hapa nchini, chini ya TBC. Mkazi wa Newala anayetaka kusikia gitaa la rithimu la mwaka 1975 likiwa safi analipa kwa yuro, anasubiri wiki, na analipa ushuru wa kuingiza nchini sauti ya nchi yake.

Ngoma zetu za kusini ziko hoi zaidi. Wapenda sauti wa Ulaya hujaribia spika zao kwa besi la mbao na kinanda cha kanisani. Sindimba ingewatoa jasho mafundi wa spika: ile ngoma ndogo kali inayokata kama kofi, ile kubwa inayoingia tumboni, njuga miguuni mwa wachezaji, na vigelegele vinavyotoka pande zote kwa wakati mmoja. Ninayoikuta kwenye simu za watu ni ile iliyorekodiwa kwa simu, vishindo vyote vimepondwa. Hilo ndilo toleo adimu ambalo ningelipa dola 40 bila kuuliza, na haliuzwi Osaka wala Leeds.

Hadi atakapopatikana wa kulirekodi, kazi ya kusikilizisha tunaweza kuirudisha bila kusubiri duka. Vibanda vya mafundi vinafungwa mapema Jumapili, na ndani yake kuna kila kitu: deki mbili tatu, amplifaya, spika kubwa za mtumba, na mtu anayejua kuzifunga. Wanaoagiza diski kwa bahasha moja wakutane hapo bahasha inapofika. Kila mmoja alete na toleo la zamani la muziki ule ule, CD ya boksini, hata kanda iliyorekodiwa kutoka redioni. Deki mbili ziunganishwe kwenye amplifaya moja, mtu mmoja abadilishe bila kusema amebadilisha ipi, wengine wageuke ukutani. Kabla ya kuanza sauti za deki zote mbili zilinganishwe kwa makini, hata kwa programu ya bure ya simu ya kupimia desibeli, kwa sababu inayolia juu kidogo tu huonekana ni nzuri zaidi kwa karibu kila msikilizaji, na wauzaji wa sabufa pale sokoni wanalijua hilo vizuri. Matokeo yaandikwe, pamoja na namba za kuzunguka tundu, ili anayeagiza mwezi ujao ajue ni toleo lipi lilishinda na lipi lilishindwa.